Ukurasa wa Mashoto

Martin amekufa. Habari ilinikuta mbele ya sinki, naosha mchele, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta kama kawaida yangu, na ujumbe ukaingia kutoka kwa mtu ambaye jina lake nilishalisahau: Jumamosi wenzake wa zamani wa panga watakutana Neasden, huku huku Ulaya, ukumbi ule ule wa kanisa, kila mtu alete cha kula, na aliye na upanga bado aje nao. Nilisoma, nikaendelea kuosha mchele mpaka nikauonea huruma mchele wenyewe. Mimi ni mtu wa nyumbani kwa imani na kwa matendo. Wapo watu wakikaa ndani siku mbili huumwa. Mimi nikitoka siku mbili mfululizo natafuta dawa. Ndiyo maana hakuna anayenijua leo anayesadiki kwamba upo mwaka mmoja wa ujana wangu niliokuwa nikitoka kila wiki, mvua na baridi, kwenda kupigana na watu kwa panga. Binti yangu nilipomhadithia alicheka hadi akakaa chini. Anacheka kwa Kiingereza, huyu, lakini neno "kitambi" amelikamata vizuri kwa Kiswahili, na alilitumia.

Usidhani ni ule mchezo wa kwenye televisheni, wa watu waliovaa meupe na kufungwa waya mgongoni. Hawa ni wengine. Hawa huchukua vitabu vya mabwana wa zamani wa Ulaya waliofundisha kupigana, vitabu vya kale vyenye michoro na maneno machache, wakajaribu kuvifufua kwa miili yao wenyewe. Tabu ni kwamba kitabu kinakwambia "zuia, kisha pita", na hakikwambii mguu uko wapi. Basi wanasimama wawili na panga butu, wa tatu ameshika karatasi anasoma, na wanaanza kubishana kuhusu goti la mtu aliyekwisha oza karne nyingi. Kitabu kinasema hivi, mwili unakataa, wanarudi kitabuni. Wanauita utafiti. Shangazi yangu Bi Zuhura, niliyekuwa nakaa kwake Kenton mwaka ule, aliuita ukosefu wa kazi.

Sikuingia kwa ushujaa. Niliingia kwa sababu ya mvua. Nilikuwa natoka kazini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, basi limeharibika, mlango wa kanisa uko wazi, taa zinawaka. Nikadhani kuna mnada wa nguo kuukuu. Ndani nikakuta watu wazima wamevaa vinyago vya waya wanakimbizana. Nikasema peke yangu, "Yarabi, wazimu hawa." Kinyago kimoja kikageuka kikanijibu: "Wazimu ndiyo, lakini chai iko. Si uingie tu, dada."

Huyo alikuwa Nilesh. Muhindi wa Kisumu, kwao wana duka la masufuria na viungo huko huko Kenton, mitaa miwili kutoka kwetu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza: "hii mguu", "hii panga", kila kitu duniani kwake ni "hii". Mimi mtu wa Pemba, sikuweza kuvumilia. Nilimcheka kabla sijajua jina lake. Akasema, "Cheka tu. Wewe unaongea kama redio ya asubuhi." Tukawa marafiki pale pale, kwa matusi.

Akanipa upanga wa kujaribu, na mimi nikiwa nimeshtuka nikaupokea kwa mkono uliotangulia. Wa kushoto. Mwanamume mmoja mrefu mwenye ndevu za kijivu akapiga kelele kutoka upande wa pili, "Msimbadilishe! Mwacheni hivyo hivyo!" Akaja mbio kama aliyeona mwezi wa Idi. Ndiye Martin, mwalimu wao. Mkononi ana karatasi, na kwenye karatasi kuna mchoro kutoka kitabu chake cha Kijerumani: mtu amepiga hatua nje ya pigo la mwenzake, mkono mtupu umekamata kiwiko cha adui, na upanga unaingia mbavuni. Na upanga ule ameushika kwa mkono wa kushoto. Huyo adui wake, mkono wake wa silaha umefichwa na mwili wa mwenzake, hauonekani. Katika kitabu kizima, Martin akanieleza huku akitweta, wote ni watu wa kulia isipokuwa katika ukurasa huu mmoja. Alikuwa amesubiri mtu wa kushoto kwa muda mrefu. Walishauita ukurasa wa mashoto, na mashoto mwenyewe hawakuwa naye.

Naomba uelewe neno hilo lilivyoingia. Habari za utotoni sizisemi hapa, hazina maana, isipokuwa hii moja: mkono huu ulifungwa kwa pindo la kanga mpaka ukafunzwa adabu. Mkono wa chooni. Hata Kenton, mimi mtu mzima mwenye mshahara, nikimpa shangazi chumvi kwa kushoto aliitazama chumvi ile mpaka nikahamisha mkono. Na sasa Mzungu ananionyesha kitabu na kuniambia, wewe umo humu. Wiki iliyofuata nilirudi. Nilijiambia nimefuata chai.

Chai ilikuwa mbaya, kwa kweli. Nikifumba macho naliona lile jiko la ukumbi: birika kubwa la umeme linalonguruma kama lina kinyongo, vikombe vya kijani vyenye harufu ya dawa ya sakafu, sahani ya biskuti zilizolegea. Nilesh alikuja na chevda ya mama yake, ule mchanganyiko wa Kihindi wa kukaanga wenye pilipili, kwenye kopo la siagi, mimi na kaimati, na tulikaa juu ya meza ya jiko tunaning'iniza miguu, tunasengenya. Kiswahili kilikuwa chumba chetu. Tulikuwa tukisema mbele ya Martin, tukitabasamu, kwamba suruali yake ina umri mkubwa kuliko kitabu chake, naye anatutabasamia. "Mnasema nini?" anauliza. "Tunakusifu," anajibu Nilesh. Siku nyingine Nilesh alinong'ona wakati mwalimu anasoma maelezo marefu: "Hii mzee akifa watamzika na hii kitabu." Nilicheka ndani ya kinyago mpaka waya ukapata umande.

Lakini kulikuwa na desturi moja ambayo hatukuifanyia mzaha. Pale hapakuwa na mwamuzi. Hakuna waya, hakuna taa, hakuna wa kupuliza filimbi. Aliyepigwa ndiye anayesema. Upanga ukikufikia unasimama, unainua mkono wako mtupu juu, wote waone, na unasema imefika. Martin alikuwa akirudia, "Pigo ni mali ya aliyepigwa." Wapo waliojifanya hawakuhisi, na wote tuliwajua, na hakuna aliyetaka kucheza nao. Nilesh alikuwa mwingine kabisa. Yeye aliinua mkono hata pale upanga ulipomgusa nguo tu. Mara moja nilimkosa wazi, akainua, nikamwambia haikufika, akasema, "Nimesikia upepo. Upepo pia ni yako." Mtu wa namna hiyo unamwachia funguo za nyumba.

Tuliufanyia kazi ukurasa ule karibu mwaka mzima, mimi ndiye wa kushoto, yeye ndiye adui. Ulitutesa. Nikipiga hatua ndefu, sifiki kiwiko. Nikipiga fupi, pigo lake linanikuta begani, na mimi nina ngozi inayotunza kumbukumbu, nilikuwa nikirudi nyumbani na alama za zambarau nikizificha chini ya buibui kama mwizi. Ilichukua majira ya baridi na nusu ya kiangazi kugundua kwamba mguu wa nyuma ndio unaotangulia, unajikokota kwanza kidogo, kama mtu anayetafuta kandambili gizani, halafu ndipo mwili unageuka. Siku tulipoupata nilikamata kiwiko chake, upanga ukalala kwenye mbavu zake, kimya, bila nguvu. Nilesh akainua mkono wake juu kabisa. "Imefika," akasema, na kisha kwa Kiswahili, taratibu, "Dada, hii ni yako. Hii hakuna mtu atakunyang'anya."

Nyumbani nako mambo yalibadilika. Nilianza kutembea kama mwenye nafasi duniani. Shangazi alikuwa akiongea na shoga yake wa Rayners Lane kwenye simu kila jioni, spika wazi, na mimi nasikia kutoka chumbani: "Ee, kanisani. Kwa mapanga. Hapana, bibi, hawambatizi, wampiga tu." Kimya. "Na wanaume, ndiyo. Hapana, hakuna anomposa. Akishavaa lile jungu usoni n'nani atamjua?"

Martin akatangaza kwamba mwisho wa kiangazi makundi mengine yatakuja Neasden kwa mkutano, kila kundi lionyeshe lilichokigundua, na sisi tutaonyesha ukurasa wa mashoto. Mimi na Nilesh. Nikafanya jambo ambalo sijui nilipata wapi ujasiri: nikamwalika shangazi. Nilibandika karatasi ya mchoro kwenye mlango wa friji, nikamwita.

"Kitabu cha nani hichi?" akauliza, miwani puani.

"Cha mabwana wa Kijerumani wa zamani, Shangazi."

"Walokuwa Tanga?"

"Wa kabla ya hao. Kabla sana."

Akasogea. Akatazama kwa muda. "Mbona suruali zawabana hivi? Hawakuwa na wake?" Halafu kidole chake kikagusa mkono wa yule mtu, mkono ule. "Na huyu wamemwandika kitabuni na shoto lake?"

"Wamemwandika."

Alikwenda kutazama chungu chake. Lakini asubuhi ya pili alinipokea kikombe nilichompa kwa kushoto, akanywa, na akauliza yule Muhindi wangu hula nini, maana amesikia nyama hagusi.

Siku ya mkutano alivaa buibui lake la harusi za watu. Alikuwa amekaa usiku uliopita akikunja sambusa, sinia zima, za dengu tupu, hakutia hata harufu ya nyama, na alilishika lile sinia magotini kwenye basi kama mtoto wa kupigwa picha. Nikamweka kiti cha mbele. Ukumbi ulijaa watu kutoka miji mingine, na makoti ya ngozi, na vichwa vya upara. Yeye peke yake mwenye buibui. Alikaa wima kama mgeni rasmi.

Zamu yetu ilipofika nilishavaa glavu. Martin akasimama katikati, na badala ya kuniita akainua karatasi mbili. Moja niliijua. Ya pili ilikuwa mchoro ule ule uliochorwa kwa mkono, wa zamani zaidi, alioletewa na mtafiti mwenzake wa kundi jingine. Ndio ambao mchongaji wa kitabu aliunakili. Na kwenye huo wote wawili walikuwa watu wa kulia. Akaeleza kwa furaha, maana kwa mtu kama Martin kukosea nako ni ugunduzi. Picha za vitabu vile zilichongwa kwenye ubao na kugandamizwa karatasini, na kila kinachogandamizwa hutoka kinyume. Mchongaji inabidi achonge akiwa amegeuza. Kurasa nyingine zote aligeuza. Huu mmoja alisahau. Hakukuwa na mashoto. Hakuwahi kuwako. Fundi mmoja alipitiwa, labda alikuwa na njaa, labda mkewe alimkasirisha asubuhi, na mamia ya miaka baadaye mtoto wa Kipemba akasimama Neasden akidhani ameonekana.

Watu walicheka, cheko la wema, la watu wanaojua kosa hilo kwa kuwa nao wangelifanya. Na mimi nilicheka, wallahi. Ningeweza kulibeba lile. Kisha Martin akasema, "Kwa hiyo tutakuonyesheni inavyotakiwa," akaita kijana mwingine asimame awe adui, na akasema, "Nilesh."

Nilimtazama Nilesh. Kinyago chake kilikuwa kwapani, uso wake nauona. Nilisubiri aseme jambo dogo, si vita: aseme dada ndiye aliyeupata mguu, mwacheni aonyeshe yeye, kushoto au kulia. Hata angenitazama tu. Akavaa kinyago.

Wakaanza. Pigo likaja, na mguu wake wa nyuma ukajikokota kwanza, kidogo, kandambili gizani, kisha mwili ukageuka, kiwiko kikakamatwa, upanga ukalala mbavuni. Mara ya kwanza. Safi. Watu wakapiga makofi. Na hapo ndipo nilipoelewa, kwa sababu mimi najua mwaka ule ulivyotumika. Alikuwa amesimama upande wa adui muda wote. Mguu ule hakuwahi kuupiga yeye hata siku moja mbele yangu, wa kulia wala wa kushoto. Hakuna mwili duniani unaopata jambo lile kwa mara ya kwanza, mbele za watu, na koo kavu. Walikuwa wamelifanyia mazoezi. Wiki nyingi, siku nyingine, saa nyingine, mlango umefungwa. Na siku hizo hizo alikuwa akija kwenye zamu yetu, anakaa na mimi juu ya meza ya jiko, ananipa chevda, ananiacha nimwambie shangazi yangu aje.

Baadaye alikuja jikoni nilipokuwa navua glavu. "Dada, usikasirike," akasema. "Hii ni mchezo tu. Martin alisema tusikuvunje moyo mapema." Nyuma yake shangazi alikuwa amesimama na sinia. Hakujua Kiingereza cha kufuata maelezo ya Martin, lakini macho alikuwa nayo. Akamsogezea sinia, kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyelelewa. "Kula, mwanangu. Za dengu." Akala tatu. Akasema ni tamu sana.

Kwenye basi shangazi alitazama dirishani mpaka tukapita lile hekalu jeupe la Wahindi lililo njiani. Kisha akasema, "Ule mguu aujua zamani yule."

"Ndiyo, Shangazi."

"Walikuwa wakicheza bila weye."

"Ndiyo."

Tukapita vituo viwili vitatu. Sinia tupu limelala magotini pake. "Na mie," akasema, "nikamtilia dengu." Hakuuzungumzia mkono wangu tena mpaka kufa kwake, Mola amrehemu, si kwa ubaya wala kwa wema. Karatasi ya friji ilitoka siku ile ile, sikumwona akiitoa. Na kikombe, kesho yake, nilimpa kwa kulia, bila kuambiwa.

Watu hudhani nilizaliwa mtu wa ndani. Hata mimi hujidanganya hivyo, ni rahisi kusema ni tabia. Lakini kabla ya mwaka ule nilikuwa mtu wa kuingia mlango wowote uliokuwa wazi mvua ikinyesha. Baada yake nilianza kuuliza kwanza nani yumo ndani na wamekuwa wakifanya nini kabla sijafika, na ukishaanza kuuliza hivyo, nyumbani ni pazuri mno.

Jumamosi nilikwenda. Usiniulize kwa nini. Nilipika kaimati kabla sijaamua, mikono ikaamua yenyewe. Jiko ni lile lile ila birika jipya, halina kinyongo. Picha ya Martin ilikuwa juu ya kiti, na vijana wengi nisiowajua, wengine mwaka ule hawakuwa wamezaliwa. Na Nilesh. Amenenepa, nywele zimempungukia, amekuwa mwalimu wao sasa. Alinikumbatia kwa bega, akapiga kelele, "Raya! Redio ya asubuhi!" na nusu ya moyo wangu, mpumbavu huu, ilifurahi.

Alikuwa akiwahadithia vijana habari za Martin. Akafika kwenye ukurasa. "Tulihangaika nao mwanzoni, tukidhani ni wa mashoto," akasema kwa Kiingereza chake kizuri, "halafu mimi na Martin tukaupata ule mguu wa nyuma." Mimi na Martin. Akanigeukia na kutabasamu. "Raya alikuwa nasi wakati ule. Unakumbuka?"

"Nakumbuka," nikasema. Msichana mmoja akaniuliza kama na mimi nilikuwa nacheza. Nikasema kidogo. Wakaleta panga za plastiki na vinyago, wakaomba tuwaonyeshe, wazee wawili, kwa heshima ya marehemu. Nilesh akasema haya. Nikafunga buibui langu fundo kiunoni, nikavaa kinyago kilichonuka jasho la mtoto wa mtu, na nikaupokea upanga kwa kushoto.

Alipiga lile pigo la juu, polepole, la kunihurumia. Mguu wangu wa nyuma ulijikokota wenyewe. Sikuuomba. Kiwiko chake nilikikuta pale pale nilipokiacha, kinene zaidi, na upanga ukatua kwenye mbavu zake kwa kishindo kidogo, kama mlango wa kabati unaofungwa.

Vijana wanatazama mkono wake mtupu, maana na wao wamefundishwa desturi ile ile, na yeye ndiye aliyewafundisha.

Mkono haukuinuka. Akarudi nyuma, akacheka, akawaambia kwa Kiingereza, "Nusura! Nusura anifikie!" Wakapiga makofi ya adabu. Kisha akanisogelea mpaka waya wa kinyago chake ukagusa wangu, na kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kile kile cha juu ya meza ya jiko, akasema, "Imefika, dada. Hata ile ya zamani. Imefika."

Zaidi ya miaka ishirini nimelisubiri neno hilo, akiri kwamba mguu ule niliupata mimi. Nilikuwa nikilisikia nikipika, nikifua. Na lilipokuja, lilikuja kwenye chumba chetu cha Kiswahili, mlango umefungwa, watu wote wako nje.

"Sema kwa Kiingereza, Nilesh," nikamwambia.

Akacheka tena. Nikangoja kidogo, si sana, kiasi cha mtu kupata nafasi ya kuinua mkono. Kisha nikavua kinyago, nikachukua kopo langu la kaimati kabla hawajalifungua, nikaenda kungoja basi.